Boila Lenye Midomo Miwili

Barabara ya kumi na tatu, Ngamiani,
saa saba mchana, bati linalia kwa jua,
nami nawasha moto.
Majirani wananitazama kama mtu aliyerogwa:
"Fundi, Tanga hii, unamuuzia nani joto?"

Namuuzia Afua Sheiza wa Lushoto,
aliyeshuka Jumanne na koti la sufu mkononi,
akaketi juu ya tairi kuukuu, akajipepea kwa risiti.
Mama yangu, alisema, magoti yamemkataa.
Mwezi wa saba ukungu unaingia bila hodi,
unalala naye kitandani.
Jiko la mkaa nusura lituulie mgeni.
Nataka boila, mabomba yapite kila chumba.
Niambie basi: la makaa ya mawe, au la mafuta?

Dada, usinunue boila kwa picha.
Karatasi za wauzaji zote zinacheka.
Hesabu kwanza madirisha, na mangapi hayafungi.
Boila kubwa kuliko nyumba ni bwana harusi wa mbwembwe:
linawaka, linazima, linawaka, linazima,
linakunywa tu, kazi hulioni likifanya.

Makaa ya mawe yanatoka mbali, kusini huko,
yanafika nusu jiwe, nusu ahadi.
Lakini yakishika yameshika: unalala nayo, unaamka nayo.
Mafuta ni mepesi, ni kubonyeza,
ila bei yake haina adabu,
na umeme ukikatika
pampu inanyamaza kama shahidi aliyehongwa.

Ndiyo maana hili nimelipa midomo miwili:
mlango wa makaa chini, kichomeo cha mafuta ubavuni.
Mlima ukimwagika barabarani, una lundo uani.
Mgongo ukichoka na koleo, una pipa.
Ila shika hili: moto mmoja kwa wakati mmoja.
Wake wenza hawapikii jiko moja.

Akatoa daftari la shule.
Kalamu ikakwama, tukaazima ya Mwinjaka.
Masizi usiyaonee huruma;
unene wa ukucha tu
unakula moto kabla maji hayajauonja.
Burashi ya waya, kila Jumamosi.
Majivu yasipande hadi kwenye wavu, chuma kitapinda.
Chujio la mafuta na pua ya kichomeo, kila mwaka,
hata kama linaimba vizuri.
Kamba ya mlango ikikauka, moshi utaijua njia kabla yako.
Kila mwezi nyanyua kishikio cha vali ya usalama;
isipopumua nipigie, usijifanye hodari.
Na dohani, dada. Nusu ya maradhi yako huko juu,
watu wanayatafuta kwenye pochi.

"Na nikisahau?"
Sikumjibu. Nilimwonyesha mkono wa kushoto,
hapa ngozi ilipojikunja, kiwanda cha sabuni,
siku mtu alipoifunga vali kwa waya
eti inampigia kelele.
Akaandika tena, herufi kubwa.

Tulilipandisha kwa Fuso, kona za Soni likiguna.
Siku mbili kuunga mabomba, moja kusaka uvujaji.
Usiku nikawasha.
Mabomba yakaanza, tik, tik,
kama mtu anayehesabu hela asizoziamini.
Bibi akatoa miguu kwenye soksi tatu,
akaiegesha kwenye bomba, akafumba macho.
Hakusema asante. Alisema:
"Fungeni mlango, joto la watu linatoka."

Mimi mtoto wa Ngamiani,
miaka thelathini nalikimbia joto na shati limelowa,
nilipewa chumba cha uani, bomba halikufika.
Saa tisa usiku meno yalikuwa yakigombana.
Nikashuka kizani, pekupeku,
nikijiambia nakwenda kukagua kipimo.
Kipimo sikukitazama.
Niliketi chini, mgongo kwenye chuma
nilichokichomelea mwenyewe,
nikakaa hapo hadi jogoo,
kama mteja.